Neno Moja katika Simu

Somo hili ni la wanakisomo wote mnaotusikiliza hapa Tunduma, na nyinyi wa Vwawa na Mlowo. Yafaa kila mmoja awe na daftari na kalamu yake karibu, maana leo tutasoma kidogo, tutahesabu kidogo, na tutazungumza juu ya kazi ya vyuo vikuu.

Huenda mmoja wenu akauliza: Mimi ndiyo kwanza najifunza kuunganisha silabi, mambo ya chuo kikuu yanihusu nini? Swali hilo ni zuri, nami nitalijibu kwa maneno matatu tu. Bwana mwalimu, au Bibi mwalimu, tafadhali andika ubaoni kwa herufi kubwa: MAMBO. SAWA. SHIDA. Wanakisomo wayasome pamoja kwa sauti, kisha wayanakili. Tutangoja.

(Muziki mfupi.)

Vema. Maneno hayo kila mtu ayajua, hata mtoto. Lakini maneno hayo hayo yaliingia katika uchunguzi mkubwa wa madaktari, na habari zake zikachapwa mwaka 2010 katika Lancet, jarida la Uingereza ambalo madaktari wa dunia nzima hulisoma. Uchunguzi wenyewe ulifanywa kwa jirani zetu wa Kenya kati ya mwaka 2007 na 2009, katika vituo vitatu vya matibabu, viwili Nairobi na kimoja Kajiado. Waliokuwamo ni wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Jambo walilotaka kulijua ni hili. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI akianza dawa, lazima azimeze kila siku, na aendelee hivyo maisha yake yote. Akizimeza leo na kuacha kesho, virusi hupata nafasi ya kuongezeka, na vingine huizoea dawa hata isivifae kitu. Lakini kukumbuka kila siku si kazi nyepesi. Mtu husafiri, huchoka, huona dawa yamletea kichefuchefu, au huona haya kumeza mbele ya watu. Basi wachunguzi wakajiuliza: je, simu ya mkononi yaweza kumsaidia?

Wakapata wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa, nao wakawagawa mafungu mawili. Hapa nataka msikilize vizuri, maana ndiyo sehemu ambayo watu wengi hawaielewi katika kazi ya vyuo vikuu. Hawakuwagawa kwa kuchagua. Hawakusema, huyu ni mwerevu na aingie fungu la simu, yule ni mzembe na akae fungu la pili. Waliwagawa kwa bahati nasibu, kama watu wanavyochota vikaratasi ndani ya kofia. Kwa nini? Kwa sababu kama wangaliwatia wale wenye bidii wote katika fungu la simu, mwishoni tusingejua kilichowasaidia ni simu au ni bidii yao wenyewe. Bahati nasibu haijui mwenye bidii wala mvivu, hivyo huwatawanya pande zote mbili. Mkulima anayetaka kujua kama mbolea mpya ni nzuri hatii mbolea hiyo katika udongo wa bondeni na kuinyima ile ya kilimani, akasema mbolea imeshinda. Ndivyo ilivyo.

Watu 273 wakaangukia fungu la simu, na 265 fungu la matibabu ya kawaida bila ujumbe. Kila wiki muuguzi aliwapelekea wa fungu la kwanza ujumbe wa neno moja: Mambo? Mgonjwa alitakiwa ajibu katika muda wa siku mbili. Kama hana tatizo, aliandika: Sawa. Kama ana tatizo, aliandika: Shida. Aliyeandika Shida alipigiwa simu na muuguzi ili waongee. Na asiyejibu kabisa naye alipigiwa simu, kwa kuwa kunyamaza nako ni habari.

Angalieni jinsi ujumbe ulivyokuwa. Haukutaja ugonjwa, haukutaja dawa, haukutaja hospitali. Hata kama simu ilishikwa na mume, au mke, au mtoto, asingaliona kitu ila salamu. Mimi naona hiyo ndiyo akili kubwa iliyokuwamo katika kazi ile, kubwa kuliko mashine yenyewe.

Basi matokeo yalikuwa nini? Waliulizwa kama walikuwa wakimeza dawa zao karibu zote bila kuruka. Katika fungu la simu, kati ya kila watu 100, watu 62 walisema ndiyo. Katika fungu la pili walikuwa 50. Lakini mtu aweza kusema ndiyo kwa kumwonea haya daktari, kwa hiyo damu ilipimwa pia. Waliokutwa virusi vimepungua sana walikuwa 57 katika kila 100 upande wa simu, na 48 katika kila 100 upande wa pili. Andikeni namba hizo mbili, 57 na 48, kisha mtoe. Mnapata ngapi? Tisa. Watu tisa zaidi katika kila mia, kwa neno moja la salamu kila wiki na muuguzi wa kupiga simu.

Wala msidhani simu ilifanya muujiza. Hata upande wa simu walikuwako wengi ambao damu yao haikuonyesha nafuu hiyo. Tena nchini Kameruni, katika mji wa Yaoundé, wachunguzi wengine walijaribu jambo la namna hiyo kwa wagonjwa 200. Wao walipeleka kila wiki ujumbe wa kuwatia moyo, na habari zao zilichapwa mwaka 2012. Hawakuona tofauti ya maana baina ya waliopata ujumbe na wasioupata. Wengine husema tofauti ya Kenya na Kameruni ni kwamba kule Kenya mgonjwa aliulizwa akajibu, na jibu lake likafuatwa na mtu. Yawezekana. Lakini ndiyo sababu ya kupima jambo mahali pengi kabla ya kuliamini, na habari ya kushindwa huandikwa sawasawa na habari ya kufaulu.

Sasa turudi Tunduma. Mji wetu ni wa mpakani. Njia kuu ya malori ya kwenda Zambia hupita hapa, na reli ya TAZARA hupita hapa, na tangu Oktoba 2019 kuna kituo cha huduma pamoja ambapo abiria na mizigo hukaguliwa na maofisa wa nchi mbili mahali pamoja. Wengi wetu tuna ndugu Nakonde, tunavuka asubuhi na kurudi jioni. Kwa hiyo wengi wana laini mbili, moja ya huku na moja ya kule. Ukimpa muuguzi namba ya laini ya huku, kisha ukakaa kwa dada yako Nakonde wiki tatu na laini ya kule, muuguzi atapiga mpaka achoke. Mpeni namba zote mbili. Na kama simu si yako peke yako, mwambie pia, ili ajue aseme nini mtu mwingine akipokea. Ni haki yako kuuliza namba yako itaandikwa wapi na nani ataiona. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo yahesabu habari za afya ya mtu kuwa ni habari za kulindwa kwa namna ya pekee.

Bwana mwalimu, tafadhali andika neno la pili la somo letu: TAKWIMU. Maana yake ni hesabu za mambo zilizokusanywa pamoja ili zitumike.

Mmekwisha kuona katika zahanati vitabu vile vikubwa ambamo jina lako, umri wako, kijiji chako na ugonjwa wako huandikwa. Vitabu hivyo ni vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanzishwa nchini katika miaka ya 1990. Mwisho wa mwezi mhudumu huhesabu: malaria wangapi, kuhara wangapi, akina mama waliojifungua wangapi. Hesabu hiyo hupanda kwa halmashauri, hadi mkoani na wizarani. Zamani ilipanda kwa karatasi tupu, na kila mahali ilijumlishwa tena kwa mkono. Tuseme zahanati moja ilikuwa na wagonjwa wa malaria 37 wiki ya kwanza, 42 wiki ya pili, 29 ya tatu na 51 ya nne. Jumla ni 159. Lakini aliyenakili akachoka, akaandika 15 mahali pa 51. Jumla sasa ni 123. Watu 36 wamepotea, na hakuna hata mmoja wao aliyehama. Wako vijijini wanatetemeka kwa homa, ila katika kitabu cha mkoa hawamo.

Kwa ajili ya jambo hili vyuo vikuu vilitoa mchango mkubwa. Baada ya Afrika ya Kusini kupata serikali ya watu wote mwaka 1994, wachunguzi wa huko walishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Oslo, nchi ya Norwei, wakatengeneza programu ya kompyuta ya kukusanya takwimu za wilaya. Baadaye Oslo wakaongoza kutengeneza programu mpya iitwayo DHIS2, nao huitoa bure kwa nchi inayoitaka. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa walimu wake wa kompyuta, kilishirikiana na Wizara ya Afya na Oslo, na mwaka 2013 DHIS2 ikafika wilaya zote za Tanzania Bara. Sasa namba ikiisha kuingizwa katika kompyuta wilayani, mtu wa Dodoma aweza kuiona siku ile ile, na kompyuta ndiyo ijumlishayo.

Lakini kompyuta haijui kama 15 ilikuwa 51. Ikipewa kosa, hulipeleka kosa upesi zaidi, basi. Mwaka 2005 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bwana Honest Kimaro, pamoja na mwenzake wa Msumbiji, Bwana José Nhampossa, walichapa uchunguzi waliolinganisha nchi zao mbili. Walieleza jinsi mifumo hii ya kompyuta inavyoshindwa kudumu ikiwa imetegemea wafadhili na mafundi wa nje, pasipo wenyeji wa kuitunza. Kwa maoni yangu maneno hayo yangefaa kubandikwa katika kila ofisi inapopokelewa kompyuta ya msaada.

Limebaki jambo moja, la magonjwa yasiyongoja mwisho wa mwezi. Kipindupindu hakingoji. Mwezi wa Mei 2020, wakati wa korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa muda baada ya wagonjwa wengi kuonekana huko, na wenyeji wa hapa wakumbuka jinsi shughuli zilivyosimama. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kina kituo kiitwacho SACIDS, ambacho kimeungana na wachunguzi wa nchi kadhaa, Zambia ikiwa mojawapo. Hao walitengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData, na habari zake zikachapwa mwaka 2017. Mtu wa kijijini aliyefundishwa huandika katika simu dalili alizoziona, kwa watu au kwa mifugo. Kama hapana mtandao, simu huyahifadhi maneno yake, na mtandao ukipatikana huyapeleka. Kompyuta hulinganisha dalili hizo na magonjwa yanayojulikana, na mpelekaji hurudishiwa shauri.

Kwa nini na mifugo? Chukueni homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu zaidi ya 100 hapa Tanzania mwaka 2007. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wakianza kutupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa, hiyo ni ishara, na mchungaji ndiye wa kwanza kuiona. Ng'ombe hawana pasi ya kusafiria, nao huvuka. Mchungaji akijua kuandika tarehe, jina la kijiji na hesabu ya wanyama, daktari wa mifugo apata siku kadhaa za kujitayarisha.

Hesabu ya kufanya nyumbani ni hii. Zahanati moja, ambayo ni ya mfano tu, ilipata wagonjwa wa kuhara 8 wiki ya kwanza, 6 wiki ya pili, 19 wiki ya tatu na 40 wiki ya nne. Kwanza, tafuteni jumla ya mwezi. Pili, andikeni kwa sentensi moja: mganga angalipaswa kushtuka katika wiki ipi, na kwa nini asingojee jumla? Mwalimu atakusanya madaftari siku ya Jumatano. Kwaherini.