Nani anahesabu meno yaliyookolewa Karagwe na Kyerwa?

Jino likianza kuuma usiku huko Murongo, mpakani na Uganda, mgonjwa hafikirii daktari wa meno. Anasukutua kwa maji ya chumvi, anauma karafuu, kukicha anakwenda duka la dawa kununua vidonge vya maumivu, na mara nyingi anaongezewa antibiotiki nusu dozi kwa sababu pesa haikutosha. Maumivu yakitulia anarudi shambani kwenye migomba na mibuni yake. Yakiamka tena, anarudi dukani. Shavu likishavimba na kutafuna kukashindikana, ndipo anaulizia daktari wa meno yuko wapi, na nauli ya bodaboda inamtoka kabla hajaliona lango la hospitali.

Akifika, jino kwa kawaida limeshakwisha. Anachomwa ganzi, koleo linaingia, pamba inawekwa. "Uma hapo nusu saa, usiteme mate ovyo." Mgonjwa anashukuru kwa dhati maana usiku huo atalala. Kwenye rejesta ya MTUHA, mfumo wa takwimu za vituo vya afya, anaandikwa amehudumiwa, na takwimu inaanza safari: kutoka kituoni hadi halmashauri, mkoani na wizarani.

Ni kweli amehudumiwa. Lakini jino la kudumu la mtu wa miaka 25 halioti tena, na miezi michache kabla, lilipokuwa na kitundu kidogo tu, lingeweza kuzibwa. Usimamizi wetu wa huduma za meno umezoea kuuliza idadi ya viti, watumishi na wagonjwa. Hauulizi meno mangapi yameokolewa. Naamini hilo ndilo swali ambalo madiwani wa Karagwe na Kyerwa wanapaswa kuliuliza kwanza.

Wilaya hizi mbili zilikuwa moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu zaidi ya watu 320,000 katika kila moja, na tangu hapo wameongezeka sana. Kutoka Murongo, Kyerwa, hadi Omurushaka, Karagwe, ni zaidi ya kilomita 100. Ikama ya serikali inamweka tabibu wa meno kuanzia ngazi ya kituo cha afya kwenda juu. Zahanati, ambayo ndiyo mlango wa karibu kwa mtu wa kijijini, haimo. Kwa hiyo kadiri unavyoishi mbali na miji kama Kayanga au Nkwenda, ndivyo jino lako linavyozidi kuoza kabla hujaonana na mtu aliyesomea meno.

Jambo linaloniuma katika habari hii ni kwamba njia ya kuziba jino kijijini ilianzia hapahapa Tanzania. Shule ya meno ya Muhimbili ilianza mwaka 1979, wakati huo ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1980 wataalamu wake, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, walikuwa wakitafuta namna ya kumtibu mtu anayeishi pasipo umeme wala mashine ya kuchimbia meno. Wakaiacha mashine kabisa. Tabibu anakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kimojawapo mfano wa kijiko kidogo cha chuma, mara nyingi bila hata ganzi. Analisafisha tundu na kulikausha kwa vipande vya pamba. Anachanganya unga na majimaji ya saruji maalumu iitwayo glasi-ayonoma, anajaza tundu, kisha anapaka vaselini kwenye kidole chenye glavu na kukandamiza juu ya jino mpaka saruji iingie kila ufa. Mgonjwa anaambiwa asile kwa saa moja. Basi. Saruji hiyo hutoa floraidi kidogokidogo, na jino linabaki kinywani.

Njia hiyo ilifanyiwa majaribio zaidi Thailand na Zimbabwe, na Aprili 7, 1994, Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka huo ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaipigia debe ulimwengu mzima. Mwaka 2021 shirika hilohilo liliingiza glasi-ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Leo njia hiyo inafundishwa katika nchi nyingi.

Hapa nyumbani, Emil Kikwilu wa Muhimbili na wenzake, Frencken akiwa mmoja wao, walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kuipeleka njia hiyo katika kliniki kadhaa za serikali za majaribio. Kuziba kuliongezeka, lakini kung'oa kukaendelea kuwa matibabu makuu kwa mbali. Walipotafuta sababu walikuta mambo ambayo tabibu yeyote wa wilayani atayatambua: vifaa na saruji kuisha, foleni ya wenye maumivu makali, na wagonjwa wenyewe kutaka jino litoke. Nami nisiwalaumu wagonjwa hao. Mtu aliyepanda bodaboda kutoka Kaisho kwa nauli ya kuazima hataki kusikia habari ya kurudi wiki ijayo.

Ndiyo maana suala hili ni la usimamizi kuliko la ujuzi. Tabibu anajua kuziba. Anayepaswa kuhakikisha kwamba ana cha kuzibia ni nani?

Kwenye karatasi jibu lipo. Mganga wa Meno wa Wilaya ni mjumbe wa timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri, sawa na mfamasia na muuguzi mkuu wa wilaya. Hapo ndipo unapoandaliwa mpango kabambe wa afya wa halmashauri. Wizara ya Afya inaweka sera na viwango, TAMISEMI inasimamia watumishi na vituo, Baraza la Madaktari Tanganyika linashughulikia usajili na maadili ya madaktari. Juu yao wapo madiwani, wanaopokea taarifa za idara kwenye vikao vya robo mwaka. Tatizo la mnyororo mrefu namna hii ni kwamba kila mmoja anaweza kumtazama mwenzake. Meno, ambayo kwa kawaida hayamuui mtu, ni rahisi kuachwa mwisho wa ajenda, nyuma ya vifo vya wajawazito, malaria na jengo lisilokwisha.

Kisha kuna mikataba. Mtumishi wa umma anayeshughulikia meno alijaza fomu za OPRAS tangu mfumo huo uanze mwaka 2004, akikubaliana na mkuu wake malengo ya mwaka. Mwaka 2023 karatasi zikaachia nafasi mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Huu ni mkataba wa utendaji kazi uliopo tayari. Hakuna sheria mpya inayohitajika. Lengo likiandikwa "kuhudumia wagonjwa wa meno", aliyeng'oa 40 amefikia lengo sawasawa na aliyeziba 40. Likiandikwa kwamba kati ya kila meno kumi yaliyotibiwa, kadhaa yawe yamezibwa, mkuu wake hataweza kumdai hilo bila kwanza kumnunulia saruji. Mkataba wa aina hiyo unambana mwajiri pia, na pengine ndiyo sababu hatuuoni.

Upande wa hospitali za makanisa mkataba ni mwingine. Karagwe kwa miaka mingi imetegemea Hospitali ya Nyakahanga ya KKKT Dayosisi ya Karagwe kama hospitali teule ya wilaya: kanisa lina majengo na uongozi, serikali inaleta mishahara na ruzuku. Kyerwa kuna Isingiro, hospitali ya Kanisa Katoliki. Makubaliano ya kitaifa kati ya serikali na makanisa yalitiwa saini mwaka 1992, na tangu 2007 upo mkataba wa huduma wa mfano ambao halmashauri hutumia kuingia ubia na hospitali hizi. Stephen Maluka wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeichunguza mikataba hii, alikuta malalamiko ya malipo kuchelewa na ufuatiliaji hafifu wa kile kilichokubaliwa. Mingi ya mikataba hiyo ilielekezwa kwa mama na mtoto. Ni haki kabisa mama na mtoto watangulie. Lakini huduma ambayo haikuandikwa kwenye mkataba hailipiwi wala haikaguliwi, na mgonjwa wa meno anabaki kulipa mfukoni katika hospitali ambayo anaamini ni ya wilaya yake.

Tusidhani mkataba unaohesabu vibaya ni ugonjwa wa maskini peke yao. Uingereza, upande wa England, ilianza mkataba mpya wa madaktari wa meno wa huduma ya taifa mwaka 2006. Malipo yakapangwa kwa vipimo vya kazi: aliyeziba jino moja, aliyeziba sita, aliyetibu mzizi kwa saa nzima na aliyeng'oa, wote waliwekwa kwenye daraja moja la vipimo vitatu. Mwaka 2008 kamati ya afya ya bunge lao ikaukosoa mkataba huo vikali: matibabu ya mzizi wa jino yalikuwa yamepungua sana na kung'oa kumeongezeka. Wale ni madaktari wenye umeme, mashine na mishahara mizuri. Mkataba uliohesabu vibaya uliwasogeza kwenye koleo.

Mkulima wa Karagwe analielewa hili bila kuhubiriwa. Hakuna anayepeleka kahawa kwenye chama cha msingi akageuza uso wakati gunia likiwa kwenye mizani.

Usimamizi ukilegea, kuna wanaojaza pengo. Tangu miaka ya 1980 Tanzania na majirani zake wamepambana na imani ya "meno ya plastiki": mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, mganga wa mtaani anaangalia fizi, anaona uvimbe mweupe wa jino la chonge linalojiandaa kuota, anasema hilo ndilo linalomtesa mtoto, na kulichokonoa kwa chuma kisichochemshwa. Baiskeli imetoa spoki nyingi kwa kazi hiyo. Mtoto anavuja damu, anaweza kupata maambukizi ya damu, na meno ya kudumu yaliyo chini yanaweza kuharibika. Kuharisha kwenyewe kulihitaji maji yenye chumvichumvi na sukari, na zinki. Sheria ya mwaka 2017 ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi inakataza mtu asiyesajiliwa kutoa tiba ya meno. Lakini mama wa Nyakasimbi hatamtambua asiyesajiliwa ikiwa hajawahi kumwona aliyesajiliwa, wala hajawahi kuelezwa siku ya kliniki kwamba fizi za mwanawe ni za kawaida.

Yapo yaliyowahi kujaribiwa kuliziba pengo hilo. Miaka ya 2000 shirika la Uingereza la Bridge2Aid, likiwa na kituo Mwanza, lilianza kuwafundisha matabibu wa vituo vya vijijini Kanda ya Ziwa huduma ya dharura ya meno: kung'oa kwa usalama, kuchemsha vifaa inavyotakiwa, kuelimisha jamii. Lilithibitisha kwamba tabibu wa kawaida anaweza kumwondolea mwanakijiji maumivu karibu na nyumbani. Ila ufadhili huja na kuondoka, na tabibu aliyefundishwa anahamishwa. Mafunzo yasiyoingia kwenye mpango wa halmashauri huondoka na mtu wake.

Hapa lazima niseme neno kuhusu majengo. Mwaka wa fedha 2018/19 serikali ilianza kujenga hospitali 67 za halmashauri nchini kwa Sh bilioni 1.5 za kuanzia kila moja, na tangu hapo vituo vya afya vimeongezeka sana. Nayapongeza, maana bila chumba hakuna kiti. Wala Karagwe haijakosa sauti: mbunge wake aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka 2015, Innocent Bashungwa, alikuwa Waziri wa TAMISEMI kwa sehemu ya mwaka 2022. Hata hivyo waziri hawezi kujua kwamba saruji ya meno imeisha kwenye kabati la kituo fulani. Anayeweza kujua ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo.

Kamati hizi zina nguvu kuliko wengi wanavyofikiri. Tangu mwaka 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati, yenye wawakilishi wa wananchi, ndiyo inayopitia mpango na matumizi. Rejesta ya meno inaonyesha aliyeng'olewa na aliyezibwa. Mjumbe anaweza kuomba isomwe kwenye kikao: robo hii tumeng'oa mangapi, tumeziba mangapi, na saruji tuliagiza lini Bohari ya Dawa. Ni maswali matatu yasiyohitaji shahada. Mganga wa Meno wa Wilaya angekuwa wa kwanza kufurahia kuulizwa, maana leo ombi lake anaingia nalo kikaoni peke yake.

Madiwani nao wanaweza kudai namba hizo mbili zionekane kwenye taarifa ya robo mwaka ya kila kituo chenye tabibu wa meno, na mkataba wowote wa huduma na hospitali ya kanisa utakapofika mezani kuhuishwa uwe na mstari wa kuziba meno, pamoja na bei yake na nani analipa. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai Mosi, na mipango ya vituo huandikwa miezi mingi kabla. Mstari ambao haumo wakati huo hautapata fedha hadi mwaka unaofuata, na matundu yaliyopo sasa kwenye meno ya watoto wa shule za Nkwenda na Kayanga hayatangoja.