Mababu wa Watu wa Quebec Wamo katika Vitabu vya Parokia

Kazi yangu ni kuandika vitabu vya parokia: ubatizo, ndoa, mazishi. Wengi huiona kazi ya bure mpaka siku wanapotaka cheti. Basi leo sikilizeni habari za Quebec, jimbo la Kanada walikotoka Mapadre Weupe wengi waliofanya kazi katika nchi zetu. Huko mtu aweza kukaa nyumbani kwake, akafungua intaneti, akamwona babu yake wa vizazi kumi nyuma, na siku aliyofunga ndoa. Wamewezaje?

Ni kwa sababu ya mapadre wa zamani na wino wao. Vitabu vya mji wa Quebec vinaanza mwaka 1621. Mwezi wa Juni 1640 kanisa liliungua, na vitabu vikateketea. Mapadre hawakusema, "Basi, yamekwisha." Waliwauliza watu nani alibatizwa lini, nani alimwoa nani, wakaandika upya. Tena, tangu 1679 kila kitabu kiliandikwa mara mbili: kimoja cha parokia, cha pili cha mahakama. Na mpaka mwisho wa mwaka 1993 vitabu vya makanisa ndivyo vilivyokuwa pia vitabu vya serikali.

Siku hizi kurasa hizo zimepigwa picha. Maktaba na Nyaraka za Taifa za Quebec, yaani BAnQ, huzionyesha bure katika intaneti. FamilySearch, ya Kanisa la Wamormoni, nayo ni bure, ila hujiandikisha kwanza. Chuo Kikuu cha Montréal kilianza mwaka 1966 kazi iitwayo PRDH, ya kumwunganisha kila Mkatoliki wa zamani na wazazi wake; huko habari kamili hulipiwa. Lakini kabla yao wote alikuwapo Padre Cyprien Tanguay, aliyetoa kamusi ya jamaa hizo, vitabu 7, kati ya 1871 na 1890, bila mashine yoyote. Ana makosa. Ni karani gani asiye nayo?

Wenye ujuzi hawaanzi na ubatizo. Huanza na ndoa. Katika andiko la ndoa la Quebec, kwa kawaida padre huandika baba na mama wa bwana arusi, na baba na mama wa bibi arusi. Kwa hiyo ndoa moja yakupa mbili za kutafuta nyuma yake, na hizo mbili zakupa nne. Unapanda hivyo hivyo mpaka unamfikia mtu aliyeshuka merikebuni kutoka Ufaransa. Wala mama hapotei, maana mwanamke huandikwa kwa jina la baba yake, hata akifa mzee mwenye wajukuu. Hivyo watu wengi wa leo huweza kuwafikia wale wasichana karibu 770 ambao Mfalme Louis XIV aliwalipia safari, kati ya 1663 na 1673, waende kuolewa huko.

Kuna kikwazo cha lakabu. Ndugu mmoja ni Roy, mwingine ni Desjardins, kumbe babu yao aliandikwa Roy dit Desjardins, maana yake "Roy aitwaye Desjardins". Tusiwacheke. Mimi nina mzee kitabuni mwenye majina matatu, na wanawe wamegawana.

Lakini pana mahali paniumapo. Quebec ilikuwa na watumwa, wenyeji wa asili wa nchi zile na watu weusi. Mwanahistoria Marcel Trudel alipekua vitabu vya parokia na nyaraka nyingine, akahesabu karibu watumwa 4,200. Padre alimbatiza mtumwa, akaandika jina jipya la Kikristu na jina la bwana wake. Mahali pa baba na mama mara nyingi hapana kitu. Mjukuu akifika hapo ngazi imekatika, hata intaneti iwe na nguvu namna gani.

Mwezi uliopita bibi mmoja alileta mjukuu kuandikishwa. Nikamwuliza jina la mama wa mtoto. "Yuko mjini huyo," akasema, "paache tu wazi." Niliweka kalamu chini, nikangoja mpaka akalitaja.