Kabla ya Kuongeza Nguvu ya Turbo, Anza na Tangi

Fungua kifuniko cha tangi la Subaru Impreza WRX au Mitsubishi Lancer Evolution lililotumika Japani kabla ya kuletwa huku. Mara nyingi utakuta kibandiko cha Kijapani ambacho wamiliki wengi wa Nairobi na Dar es Salaam hawajawahi kuuliza kinasema nini. Kinataka petroli ya daraja la juu isiyo na risasi. Kwa viwango vya Japani, daraja hilo halishuki chini ya oktani 96, ilhali petroli ya kawaida huanzia 89. Injini ilisanifiwa kwa mafuta hayo, na kila utakachobadilisha baadaye kinategemea hilo.

Oktani haipimi nguvu ya petroli wala usafi wake. Inapima uwezo wake wa kustahimili mgandamizo na joto bila kujiwasha. Turbo hutumia moshi wa injini kuzungusha panga boi linaloshindilia hewa kwenye silinda. Hewa ikishindiliwa hupata joto. Intakula huipoza, lakini haiondoi joto lote. Plagi ikitoa cheche, moto unatakiwa usambae kwa utaratibu. Petroli ya oktani ndogo huweza kulipuka pembeni kabla moto haujaifikia. Hapo ndipo mafundi husema injini inagonga.

Kompyuta ya gari husikia mgongano huo kupitia sensa, nayo huchelewesha cheche ili kuinusuru injini. Gari linakuwa zito na linakula mafuta zaidi. Hali ikizidi uwezo wa kompyuta, kingo za pistoni zinazoshika ringi hukatika, ugonjwa unaofahamika sana kwenye injini za turbo za Subaru za ukoo wa EJ.

Wakazi wa nyanda za juu wasijipe moyo kupita kiasi. Ni kweli kwamba Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, ina hewa nyepesi kuliko Mombasa, na injini isiyo na turbo hupata nafuu ya oktani. Turbo, kinyume chake, hufidia upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na hewa hutoka ikiwa na joto zaidi.

Basi, soma oktani ya petroli unayojaza. Isipoandikwa kwenye pampu, uliza. Jaza ya juu kuliko zote unazoweza kupata mara kwa mara. Ukifuata maelekezo ya Marekani, kumbuka kwamba namba ya pampu za huko ni wastani wa vipimo viwili: 91 yao inakaribia 95 au 96 kwa kipimo tunachotumia sisi. Jihadhari pia na uchakachuaji. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, na kishawishi cha kuyachanganya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba mwaka 2018 Kenya iliyatoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuukomesha.

Baada ya mafuta, pesa ya kwanza iende kwenye afya ya injini. Pima mgandamizo wa kila silinda, badilisha plagi na oili, kagua mipira yote ya hewa kama inavuja. Kisha funga geji ya shinikizo la turbo na ya mchanganyiko wa hewa na petroli, uone injini inafanya nini kabla hujaidai zaidi. Tairi na breki nzuri zitangulie nguvu. Hapa hakuna mjadala.

Vitu vinavyopendwa zaidi ndivyo vinavyohitaji uangalifu. Vali inayotoa mlio wa “pshii” kwa kumwaga hewa nje haiongezi nguvu. Kwenye magari yenye sensa ya kupima hewa inayoingia, kompyuta imekwisha kuihesabu hewa hiyo, hivyo petroli huzidi kila unapobadilisha gia. Chujio la wazi huweza kuipotosha sensa hiyohiyo. Bomba pana la ekzosi baada ya turbo huongeza nguvu kweli, lakini huweza kupandisha shinikizo kupita lilipopangwa. Usilifunge bila kupanga upya programu ya kompyuta.

Upangaji huo mpe fundi anayepima gari kwenye mashine ya rola, akiwa na petroli unayojaza kila siku. Programu ya kununua, iliyotengenezwa kwa mafuta ya nchi nyingine, haifai. Kama huwa unasafiri na gari hilo hadi mikoani au mashambani, mwambie aipange kwa petroli dhaifu zaidi utakayoikuta njiani. Utapoteza nguvu kidogo, lakini injini itadumu. Na ukilazimika kujaza mafuta usiyoyaamini, endesha kwa mguu mwepesi, usiiache turbo ijae mpaka tangi hilo liishe.