Wakala wa Bima ya Afya Bado Ana Kazi, Lakini Si ya Kuuza SHA

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua mahali pa NHIF, maswali mawili yamekuwa yakiulizwa sana na wakazi. La kwanza: je, yule ajenti aliyeniuzia bima ya afya bado ana nafasi, au nimwache? La pili: kuna mtu anasema yeye ni ajenti wa SHA na anataka pesa anisajili, nimpe?

Jibu la swali la pili ni la. Kujisajili SHA ni bure. La kwanza linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu anayemwacha wakala wake bila kuelewa anachoacha anaweza kujikuta hospitalini bila wa kumlipia. Vilevile, anayedhani bima ya kibinafsi inamwondolea wajibu wa kuchangia SHA amekosea.

Kilichobadilika

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inamtaka kila mkazi wa Kenya kujisajili na kuchangia, awe na bima nyingine au asiwe nayo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kila mwezi, na mchango hauwezi kushuka chini ya Sh300. Asiye na mshahara hupimwa kulingana na uwezo wa nyumba yake, kisha hulipa mchango wa mwaka mzima. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulianzishwa ili anayeshindwa kutoa pesa zote kwa mkupuo alipe kidogo kidogo.

Mchango huu haupiti mikononi mwa muuzaji. Kiasi chake kimewekwa na sheria, wala hakuna bei ya kuelewana. Ukipewa "bei nafuu ya SHA" na mtu yeyote, jua huyo si wa SHA.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kukusaidia kujisajili. Hao hupewa posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka serikali ya kaunti. Mkazi hadaiwi chochote.

Kamisheni hutoka wapi

Wakala wa bima ya kibinafsi ni mtu mwingine kabisa. Yeye amepewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA), na leseni hiyo huhuishwa kila mwaka. Anauza bima ya kampuni anayoiwakilisha. Ukilipa, kampuni humpa asilimia fulani ya pesa hizo kama kamisheni. Wengi hawana mshahara: ukikosa kulipia bima yako mwaka unaofuata, naye amekosa.

Hapo ndipo mageuzi yanawagusa. Chini ya NHIF, mfanyakazi hakuwahi kukatwa zaidi ya Sh1,700 kwa mwezi, hata mshahara wake ungekuwa mkubwa kiasi gani. Sasa kikomo hicho hakipo. Anayepata Sh100,000 hukatwa Sh2,750, na anayepata Sh200,000 hukatwa Sh5,500. Kwa upande mwingine, anayepata Sh20,000 alikuwa akikatwa Sh750 na sasa hukatwa Sh550.

Wanaokatwa zaidi ndio hasa waliokuwa wakinunua bima ya kibinafsi. Kila anayejiuliza kwa nini alipe mara mbili anaweza kuwa mteja aliyempotea wakala. Waajiri wadogo waliokuwa wakiwalipia wafanyakazi wao bima ya pamoja nao wanapiga hesabu upya. Juu ya hayo, bima ndogo ndogo zinauzwa moja kwa moja kwenye simu, na mteja huenda asionane na wakala hata mara moja.

Pengo ambalo bima ya kibinafsi huziba

Kabla hujaamua, elewa SHA inalipa nini. Kwenye zahanati na vituo vya afya, yaani kiwango cha 2 na 3, huduma za msingi hugharamiwa na hazina ya serikali. Unachohitaji ni kuwa umesajiliwa. Ukienda hospitali ya kiwango cha 4 hadi 6, ni lazima mchango wako uwe umelipwa.

Hata hapo, SHA hulipa kwa viwango vilivyowekwa. Katika viwango vilivyoanza na mpango huu, kujifungua kwa njia ya kawaida kulitengewa Sh10,000 na kwa upasuaji Sh30,000. Hospitali ya kibinafsi ikitoza zaidi ya hapo, tofauti inabaki kwa mgonjwa. Bima ya ziada huziba pengo la namna hiyo, na hapo ndipo wakala anaweza kuendelea kupata riziki yake kwa haki: badala ya kuuza bima ya kwanza, auze bima inayoanzia pale SHA inapoishia.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Bima nyingi za kibinafsi ziliandikwa zikitegemea kwamba NHIF ingelipa sehemu ya gharama kwanza. Baada ya mabadiliko, kampuni inaweza kudai vivyo hivyo kuhusu SHA. Kama hujalipa SHA, sehemu hiyo inaweza kukuangukia wewe hata ukiwa na kadi ya kibinafsi mfukoni. Muulize wakala wako swali hilo moja kwa moja, na aliandike jibu.

Wakala atakayedumu

Wakala aliyezoea kuja mara moja kwa mwaka kuchukua malipo atapata shida, kwa sababu simu inaifanya kazi hiyo vizuri kuliko yeye. Kile ambacho simu haifanyi vyema ni kukaa na familia ikaelezwa masharti: magonjwa gani hayalipiwi, hospitali gani zinakubali kadi, na muda wa kusubiri ni upi. Kwa mfano, bima nyingi hazilipii uzazi hadi miezi kadhaa ipite tangu ununue. Mama anayenunua bima akiwa tayari mjamzito na hajaelezwa hilo atalia hospitalini.

Kazi nyingine ni kusimama na mteja wakati wa madai, hospitali inaposema hivi na kampuni inasema vile. Wakala anayefanya hivyo atakuwa na wateja. Na kwa kuwa kamisheni ya bima ya afya pekee huenda isimtoshe, itambidi auze pia bima za aina nyingine zinazohitajika mashinani, kama vile za mifugo, mazao na bodaboda.

Kwa nini kaunti inajali

Zahanati na hospitali nyingi za umma unazotibiwa ziko chini ya serikali ya kaunti. Chini ya sheria ya 2023 kuhusu fedha za vituo vya afya, pesa ambazo hospitali inakusanya, yakiwemo malipo ya SHA, hubaki hospitalini humo kununua dawa na vifaa. Mkazi anayempa tapeli pesa zake akidhani amelipa SHA amepoteza pesa hizo, na hospitali yake pia imekosa.

Kabla ya kulipa mtu yeyote

• Jisajili SHA mwenyewe kwa kubonyeza *147#, kupitia tovuti ya Afya Yangu, au ufike Huduma Centre au kituo cha afya kilicho karibu ukiwa na kitambulisho.

• Jibu maswali ya kupima uwezo wako kwa ukweli, na usimruhusu mtu akujibie.

• Usimpe mtu nambari ya siri ya simu yako wala nambari ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi.

• Wakala wa kibinafsi akikujia, muombe leseni yake ya IRA ya mwaka huu. Aliye halali hatakasirika.

• Lipa bima kwa akaunti ya kampuni, si kwa simu ya wakala, na udai risiti. Kisheria, kampuni haianzi kukukinga kabla haijapokea malipo.

• Ukidhulumiwa na wakala au kampuni ya bima, peleka malalamiko IRA. Anayekutoza pesa za kukusajili SHA, mripoti kwa chifu au kituo cha polisi.

Kama una bima ya kibinafsi na uwezo wa kuilipia unao, usiiache kwa hasira ya makato. Soma kwanza inalipa nini zaidi ya SHA, kisha uamue. Na kama huna uwezo huo, lipia SHA kikamilifu, kwa maana ukifika hospitali ya kiwango cha 4 bila mchango, itabidi utoe pesa mfukoni.