Mchezaji Aliyeuliza Kama Mtu ni Mali ya Klabu

Mmaza, yaani mtu wa Maniema huko Kongo, anayeishi Marekani hawezi kutaja mji wa Kasongo bila kuulizwa habari za Tippu Tip na biashara yake ya watumwa, na mara nyingi muulizaji ni mpenzi wa besiboli, mchezo ambao habari zake za kila siku ni za wachezaji kununuliwa, kuuzwa na kubadilishwa, wala jambo hilo halimshangazi. Aliyeshangaa mapema, tena kwa maandishi, ni John Montgomery Ward, mmoja wa nyota wa kwanza waliolipwa kwa kucheza mchezo huo.

Ward alizaliwa Pennsylvania mwaka 1860, akabaki yatima angali kijana, na tarehe 17 Juni 1880, akiwa mrusha mpira wa klabu ya Providence, alitimiza mchezo kamili, yaani ule ambao hakuna mpinzani hata mmoja anayefika kituo cha kwanza. Mkono ulipomharibikia alihamia nafasi nyingine uwanjani, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka 1885 akaongoza chama cha kwanza cha wachezaji wa kulipwa.

Chama hicho kilipambana na kanuni ya uhifadhi, ambayo ni makubaliano ya wenye klabu ya mwaka 1879 kwamba kila klabu itaje wachezaji watano wasioweza kuajiriwa na klabu nyingine, hata mkataba wao ukiisha. Baadaye idadi iliongezwa mpaka ikakaribia kikosi kizima, hivyo asiyekubali masharti ya klabu yake alibakiwa na njia moja tu, kuacha mchezo. Februari 1887 klabu ya Chicago ilimuuza mchezaji Mike Kelly kwa Boston kwa dola 10,000, na mwezi huohuo, kule Unguja, Tippu Tip alikubaliana na Henry Morton Stanley kuwa liwali wa Stanley Falls, huko Kongo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mambo hayo hayalingani, kwa kuwa Kelly alilipwa vizuri ilhali mateka wa Tippu Tip huko Maniema hawakupata kitu. Lakini aliyeifananisha kanuni ile na sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka ni Ward mwenyewe, katika makala yake ya Agosti 1887, wala si Mmaza mwenye kinyongo.

Oktoba mwaka huo Ward alimwoa Helen Dauvray, mwigizaji mashuhuri wa jukwaani aliyekuwa ametoa kombe la mabingwa wa besiboli. Ndoa iliyumba, hasa kwa kuwa mume hakupenda mke arudi kwenye kazi yake, na mwaka 1893 ikaishia mahakamani. Kwamba mtetezi wa uhuru wa kuchagua kazi alimnyima mkewe uhuru huo nyumbani kwake ni jambo ambalo wazee wa Kasongo wangemwambia barazani kabla ya hakimu yeyote. Wala mapambano yake na wenye klabu hayakufaulu upesi: ligi ya wachezaji aliyoianzisha ilidumu msimu mmoja tu, wa 1890, nayo kanuni ya uhifadhi haikuvunjwa mpaka 1975.

Watoto wa Wamaza waliokulia Marekani hawayajui hayo, ingawa wanajua mrusha mpira fulani alibadilishwa kwa nani na kwa mamilioni mangapi, na kadi za wachezaji wamezipanga vizuri kuliko madaftari yao. Ukoo wa bibi yao wa Kabambare huwashinda kuutaja. Wakiulizwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza. Na siku ya arusi, jamaa wote wakiwa wamekwisha kufika, wao bado wako uwanjani katika mchezo usiokuwa na saa ya kumalizika, wakidai waachwe kidogo tu. Mzazi anayesita kununua glavu ya ngozi huitwa bahili, lakini si ubahili kumtaka mtoto aeleze kwanza Kelly aliuzwa na nani na Ward alisema nini. Akieleza sawasawa, tena kwa Kiswahili, glavu itanunuliwa, japo ya mtumba.