Urithi wa Jangwani na Maradhi ya Mjini

Wapo wasemao kwamba mfugaji wa Turkana huvumilia kiu kwa ukaidi tu, na kwamba akihamia mjini akaugua, basi amerogwa. Mimi, mkazi wa Kakuma, siafikiani nao. Sayansi imetupatia maelezo yaliyo bora zaidi, nayo yafaa tuyatie maanani.

Kila mtoto hupokea kwa wazazi wake nakala ya maagizo yanayoujenga mwili. Katika kunakiliwa, baadhi ya maagizo hayo hubadilika. Mabadiliko mengi hayana faida wala hasara. Mengine huleta ugonjwa. Na machache humfaa aliye nayo, akaishi, akazaa, nayo yakaenea kizazi baada ya kizazi.

Mnamo Septemba 2025, jarida la Science lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa Kenya na Marekani walioshirikiana na Waturkana. Walichunguza chembe za urithi za watu 367, wakagundua sehemu 8 zilizoteuliwa na mazingira. Iliyo dhahiri kupita zote imo karibu na jeni iitwayo STC1, ambayo huisaidia figo kuhifadhi maji. Badiliko hilo lilianza kushika mizizi kati ya miaka 5,000 na 8,000 iliyopita, wakati kaskazini mwa Kenya palipokuwa pakigeuka kame. Huenda pia huikinga figo dhidi ya takataka za nyama nyekundu, kwani mfugaji wa huku hupata asilimia 70 hadi 80 ya chakula chake kutoka kwa mifugo.

Lakini kilicho ngao jangwani si lazima kiwe ngao mjini. Utafiti wa awali, uliotolewa mwaka 2020, ulionyesha kuwa Waturkana waliohamia mijini walikuwa na unene na shinikizo la damu kuliko ndugu zao wachungaji. Watafiti wanashuku kwamba mwili uliozoea maziwa, nyama na uhaba wa maji huelemewa unapojazwa unga, sukari na mafuta.

Jambo hili si geni. Badiliko la selimundu, likirithiwa kwa mzazi mmoja, humkinga mtoto na malaria kali. Likirithiwa kwa wote wawili, humletea maumivu ya maisha. Mkinzano huo ulibainishwa na Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1954.

Kwa hiyo nauliza: mbona mtu mzima aingiapo zahanati Lodwar au Kakuma apimwe malaria pekee, aondoke bila kupimwa shinikizo la damu, sukari na figo? Na mbona anayempelekea mfugaji msaada wa chakula adhani kwamba gunia la unga ni badala tosha ya mbuzi aliyekufa kwa ukame? Kuokoa mifugo kabla haijaangamia ni tiba pia. Serikali ya kaunti na wafadhili walipange hilo katika bajeti zao, na matokeo ya utafiti yaelezwe vijijini kwa Kiturkana, maana damu iliyochunguzwa ilikuwa yetu.