Muuguzi Anayesoma Bila Kuiacha Zahanati

Mwaka 2005 Kenya ilikuwa na wauguzi wa cheti wapatao 20,000 waliohitaji kupanda hadi ngazi ya diploma, ilhali nafasi za vyuoni zilikuwa chache mno. Shirika la afya la AMREF, Baraza la Wauguzi na Wizara ya Afya wakaanzisha masomo kwa kompyuta, muuguzi akisoma huku akiendelea na kazi. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu moja hasa: zahanati nyingi za vijijini zina muuguzi mmoja au wawili. Akienda chuoni huyo mmoja, nani atampokea mama mwenye uchungu saa nane za usiku?

Wapo wanaosema uuguzi haufundishwi kwenye skrini. Wana hoja: kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni ni kazi ya mikono na masikio. Lakini mwanafunzi huyu si mgeni wa wodi. Amezalisha, amechanja na amefunga vidonda kwa miaka. Anachohitaji zaidi ni kuelewa kwa nini shinikizo la damu la mjamzito hupanda, na lini asisubiri asubuhi kutoa rufaa. Mafunzo kwa vitendo nayo hayakufutwa; huyafanya hospitalini chini ya msimamizi, kisha hufanya mtihani wa Baraza. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni uchovu. Ni vigumu kutoka zamu ya usiku, kufungua somo la famakolojia na kulielewa, na mwajiri asiyetenga hata saa chache za kusoma ndani ya ratiba ya kazi anamtaka muuguzi ajiendeleze kwa kujinyima usingizi.